Nani Kabofya? Tangazo, Maji ya Bamvua na Manowari ya Bomba Tatu

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi. Testi zimepandana, na hali ya bumu mwezi huu mnaijua wenyewe. Leo nimejibanza hapa maktaba, kona ile yenye soketi inayofanya kazi, nikaona bora niandike kitu ambacho kimenikaa kichwani tangu likizo.

Muhula huu mwalimu wetu wa historia katutaka kila mtu achague kipimo kimoja na kukifuatilia kimetoka wapi na kimefanya nini kwa watu. Wenzangu wamekimbilia pishi na frasila. Mmoja kachukua korija, ile hesabu ya ishirini ishirini ambayo wazee wetu wa Delta walihesabia boriti za mikoko zilizopakiwa majahazini kwenda Unguja na Arabuni. Nilimwonea wivu kidogo, maana ile ilikuwa yangu kwa haki ya kuzaliwa. Mimi nimechagua kipimo cha juzi tu: kati ya mara mia tangazo linapoonekana kwenye tovuti, ni mara ngapi mtu analibofya. Wenye biashara yao wanakiita CTR. Mimi nitakiita kiwango cha kubofya, tusisumbuane.

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka, akasema, "Haya, tuone." Basi haya hapa ndiyo niliyoandika, ila nyinyi nawaongezea mambo ambayo kwenye karatasi ya mwalimu hayamo.

Kwanza mnaotoka bara niwaeleze jambo. Delta ya Rufiji huiingii kwa saa ya ukutani. Unaingia kwa maji. Ukifika Nyamisati maji yamekupwa, kaa chini, kula muhogo, subiri. Boti ya kwenda Mafia inasubiri, ya Salale inasubiri, na mgonjwa naye anasubiri. Siku za bamvua maji yanajaa sana na kupwa sana, siku za maji mafu yanasuasua tu. Wazee wanayajua haya kwa kuutazama mwezi. Sisi watoto wa simu tunataka tuambiwe saa ngapi na dakika ngapi.

Ndiyo maana mwaka wa kwanza nilitengeneza kitovuti. Kilikuwa na ukurasa mmoja wenye saa za maji kujaa na kupwa. Nilianza na jedwali la bandari ya Dar es Salaam, halafu nikawa namuuliza nahodha mmoja wa Nyamisati kwetu yanachelewa kiasi gani kwenye vijito vya ndani. Picha haikuwepo hata moja, kwa sababu mtandao wa kule unapumua kwa shida. Watu wakaanza kutumiana. Baadaye, kwa kujifurahisha tu, nikaongeza ukurasa wa pili kwa Kiingereza juu ya ile meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ambayo watu wa pwani waliiita manowari ya bomba tatu. Ilijificha kwenye vijito vyetu tangu 1914, Waingereza wakaisaka kwa miezi, na tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani wenyewe wakaizamisha baada ya kupigwa vibaya. Mzinga wake mmoja mpaka leo uko Fort Jesus, Mombasa. Kumbukeni kurasa hizi mbili, maji na manowari, maana kisa chote kiko hapo.

Sasa kiwango chenyewe. Aliyewahi kupita Kibiti na basi la Kusini anakijua, ila hajui kama anakijua. Basi likisimama tu, vijana wanalizunguka na korosho, machungwa na maji ya chupa, kila mmoja kanyoosha mkono juu ya dirisha. Madirisha sitini yamemwona mwenye korosho. Madirisha matatu yamefunguka na mtu kauliza, "Bei gani?" Basi kiwango chake ni tatu kwa sitini, yaani asilimia 5. Angalia vizuri: sijasema wangapi wamenunua. Kuuliza bei ndiyo kubofya. Kununua ni habari nyingine, na hapo ndipo watu wengi wanapojichanganya, mimi nikiwa wa kwanza.

Turudi 1994. Tarehe 27 Oktoba mwaka huo gazeti la mtandaoni la HotWired, la San Francisco, lilifunguka likiwa na mabango ya matangazo juu ya kurasa zake. Lililobaki kwenye historia ni la kampuni ya simu ya AT&T. Lilikuwa la mstatili, lina maandishi ya rangi rangi, likikuuliza kama umewahi kubofya mahali pale na kukuhakikishia kwamba utabofya. Ukibofya unapelekwa kutazama majumba ya makumbusho. Inasimuliwa kwamba asilimia 44 ya walioliona walilibofya. Arobaini na nne! Kwa stendi ya Kibiti hiyo ni madirisha ishirini na sita kwa basi moja, kijana anaishiwa korosho kabla kondakta hajarudi kutoka kununua vocha.

Lakini jiulize kwa nini. Bidhaa haikuwa tamu namna hiyo. Watu walikuwa hawajawahi kuona kitu kama kile, wakataka kujua kikibonyezwa kinafanyaje. Ni kama siku daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003: wazee wanasimulia watu walivuka Rufiji kwa miguu, wakageuka, wakarudi, hawana safari wala mzigo. Ukihesabu wavukaji wa wiki ile ukadhani ndio abiria wa kila siku, umekwisha. Na kweli, kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 kiwango cha mabango kilikuwa kimeshuka chini ya asilimia 1. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Benway na Lane, walionyesha kwamba watu wanaotafuta kitu kwenye ukurasa wanaliruka bango hata kama jibu wanalolitafuta limeandikwa humo humo ndani ya bango. Macho yamejifunza kutoliona, kama sisi tusivyoyaona yale makaratasi ya "chumba kinapangishwa" kwenye nguzo za hapa chuo.

Mwanzoni hakuna aliyelipwa kwa kubofywa. Bei ilikuwa ya magazeti: unalipia kila mara elfu moja tangazo linapoonekana. Mwaka 1996 Procter & Gamble, wale wa sabuni, waliibana Yahoo wakasema, sisi tutalipa mtu akibofya tu. Wenye tovuti walinung'unika sana, na nawaelewa. Ni sawa na mwenye basi kumwambia kijana wa korosho, "Hutalipa kuingia stendi, utalipa kila dirisha likifunguka." Kumbe dirisha kutofunguka pengine si kosa la basi, ni korosho zimeungua!

Mwaka 1998 Bill Gross na kampuni yake ya GoTo wakaanza kunadi nafasi za matangazo kwenye matokeo ya utafutaji: anayetoa bei kubwa kwa kila mbofyo anakaa juu. Google walianza matangazo yao mwaka 2000, halafu Februari 2002 wakafanya jambo ambalo mimi nalihesabu ndilo kubwa kuliko yote katika historia hii. Wakasema bei peke yake haitoshi, tunaizidisha kwa kiwango cha kubofya. Chukua mfano. Jamaa A katoa shilingi 100 kwa mbofyo na tangazo lake linabofywa mara 1 kwa mia. Jamaa B katoa shilingi 60 lakini linabofywa mara 3 kwa mia. Kwenye kila maonyesho mia, A analeta shilingi 100, B analeta 180. B anakaa juu. Kuanzia hapo kile kiwango hakikuwa tena cha kuandikwa kwenye ripoti na kusahauliwa. Kikawa ndicho kinachoamua nani aonekane.

Mwaka uliofuata ndipo sisi wadogo tulipoingizwa mchezoni. Februari 2003 Google wakanunua Blogger, na Juni 2003 wakafungua AdSense: mtu yeyote mwenye tovuti yake anabandika mistari michache ya kodi, mtambo unasoma ukurasa, unachagua tangazo linalofanana nao, likibofywa mnagawana. Ndesanjo Macha alipoanza kuandika Jikomboe kwa Kiswahili mwaka 2004, na Issa Michuzi alipoanza mwaka 2005 na picha zake, mlango huo ulikuwa wazi tayari. Ila mtambo haukujua Kiswahili. Kwa miaka mingi Kiswahili hakikuwa kwenye orodha ya lugha zake, kikaja kuongezwa baadaye sana. Wabongo wakafanya kama baba zao walivyofanya magazetini: wakauza nafasi kwa mwezi, bango kubwa, na namba ya simu imeandikwa kwa herufi nene. Hiyo namba ya simu ishikeni, tutarudi kwake.

Jambo jingine ambalo vitabu vya wenzetu hawalitaji kwa sababu kwao halipo ni kwamba hapa kubofya hakujawahi kuwa bure. Kabla kebo ya SEACOM haijatua Dar mwaka 2009, mtandao ulipita kwenye setilaiti na ulikuwa ghali. Ulikaa kwenye kafe ya intaneti dakika zinahesabika, mwenye kafe anakuangalia. Nani afungue ukurasa wa tangazo ule mzunguko uzunguke mpaka muda uishe? Leo dakika zimekuwa MB, lakini hesabu ni ile ile. Mvuvi wa Mbwera mwenye bando la siku akija kuangalia maji, anaangalia maji, anafunga. Ukimwita "msomaji asiye na mwitikio", kama nilivyokuta imeandikwa mahali, unamwonea.

Sasa yangu. Mwaka wa pili niliweka matangazo ya mtandao mmoja ambao sitautaja. Mwezi mmoja niliuandika kwenye daftari, huu hapa. Ukurasa wa maji ulifunguliwa mara 4,100, matangazo yakabofywa mara 9. Hiyo ni kama asilimia 0.22. Na nina hakika kati ya hizo tisa kadhaa ni dole gumba limeteleza, boti inayumba. Ukurasa wa manowari ulifunguliwa mara 260 tu, ukabofywa mara 7, karibu asilimia 2.7. Halafu mbofyo mmoja wa manowari ulilipa kuliko yote ya maji kwa pamoja, maana mbofyaji yuko Ujerumani au Uingereza, mzee mstaafu anayependa meli, na tangazo ni la hoteli.

Mnaona kilichofuata? Nilianza kuandika manowari. Nikaandika juu ya boti za Waingereza, Severn na Mersey. Nikaandika juu ya mizinga ilivyotolewa melini na kuburutwa kwenda vitani nchi kavu. Wiki mbili nzima nilikuwa nasoma vita, nachora ramani, kila asubuhi naangalia senti zimeongezeka ngapi. Jedwali la maji nikawa naliweka kwa kuchelewa, mara moja nikaruka siku tatu. Hakuna aliyenilazimisha. Hakuna bosi aliyesema achana na watu wa Nyamisati, waandikie wastaafu wa Hamburg. Ni namba tu: hii 0.22, ile 2.7, na mimi mwenyewe bila kufikiri nikainama upande mzito. Kwenye insha nimeandika kwamba kipimo hiki kimebadilisha kinachoandikwa duniani, mwalimu kaweka alama ya vyema pembeni. Sikumwambia kwamba ushahidi ni mimi.

Kilichonitoa huko si akili, ni upumbavu. Malipo yalikuwa hayatoki mpaka ufikishe dola 100, nami nilikuwa nimebakiza kama kumi. Nikawaambia washkaji wa chumbani, jamani nisaidieni, kila mkipita mbofye. Wakanisaidia kwelikweli! Kwenye maabara ya kompyuta watu kumi na tano wamekaa mstari mmoja wanabofya hoteli za Zanzibar. Siku ile kiwango changu kilipita asilimia 30. Keshokutwa yake akaunti ikafungwa, na pesa zote zikarudishwa kwa walioweka matangazo.

Nilikasirika nikajiona nimeonewa. Nikija kusoma historia nikaona watu walishapigana juu ya jambo hilo kabla mimi sijajua hata kushika kipanya. Mwaka 2006 Google walikubali kumaliza kesi ya Arkansas iliyoanzishwa na duka linaloitwa Lane's Gifts, ambalo lilisema linatozwa pesa kwa mibofyo ya uongo. Makubaliano yalifika hadi dola milioni 90. Yaani mbofyo wa huruma wa rafiki yako, upande wa pili kuna mwenye duka anaukatwa. Mtu kalipia dirisha lifunguliwe na asiyetaka korosho. Sisi tulijua tunasaidiana, kumbe tunamwibia mwenye hoteli fulani asiyejua hata tupo wapi.

Basi tovuti ikabaki bila tangazo, na malipo ya seva yanakuja. Nikaamua iishe tu. Likizo nimerudi nyumbani Kibiti, nikamkuta mzee mmoja mwenye duka la kamba, nyavu na vipuri vya mashine za boti. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Wewe si ndiye wa maji?" Akaniambia vijana wake wote wanaangalia kwangu. Akatoa shilingi 60,000 akasema mweke jina la duka miezi mitatu. Nikatengeneza kibango chepesi, jina, vitu anavyouza, na namba yake ya simu. Ukikibofya kinakupeleka kwenye ukurasa wenye orodha ya bei.

Miezi mitatu ikaisha. Nikafungua hesabu nikajisikia vibaya. Bango limeonekana mara 11,400. Limebofywa mara 9. Hiyo ni chini ya 0.08 kwa mia, yaani hata yale matangazo ya kigeni yalinishinda. Usiku ule nilikaa na simu nikiwaza. Ningeweza kumpa ile namba kubwa peke yake, "mzee, umeonekana mara elfu kumi na moja," naye angefurahi. Ningeweza hata kuwaita tena wale washkaji wa maabara. Elfu sitini yake ni nyavu ngapi?

Nikaenda dukani nikamwambia ukweli, wamebofya tisa. Akauliza kubofya ndiyo nini. Nikamweleza, nikatumia mfano wa basi na korosho. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavuta daftari la madeni, akalifungua nyuma. Kuna mistari ameichora kwa kalamu, mitano mitano. "Hawa ndio walionipigia wakasema namba wameiona kwenye maji," akasema. Nikahesabu thelathini na saba. Wengine wanatoka Mafia! Mmoja kanunua propela.

Mnaikumbuka namba ya simu ya herufi nene? Watu hawakuwa na haja ya kubofya. Waliona, wakapiga. Mtambo wangu uliandika kwamba hawa hawakufanya lolote. Na si kwetu tu. Kampuni ya comScore ilipowapima watumiaji wa Marekani, ilikuta waliobofya bango hata moja kwa mwezi wameshuka kutoka asilimia 32 mwaka 2007 hadi 16 mwaka 2009, na asilimia 8 tu ya watumiaji ndio waliobeba asilimia 85 ya mibofyo yote. Wanaobofya ni kikundi kidogo cha watu wenye tabia ya kubofya. Wanaonunua ni watu wengine. Wale wa 1996 walitaka uthibitisho kwamba tangazo limefanya kazi, wakachukua kilichokuwa rahisi kuhesabika, na dunia nzima ikaendelea nacho. Mzee wa Kibiti yeye aliuliza kila aliyempigia, "Umeipata wapi namba?" Hakuna seva inayouliza hivyo.

Simwambii mtu asiangalie kiwango chake. Kina kazi yake: ukiwa na matangazo mawili ukurasa ule ule, wasomaji wale wale, kinakuambia lipi limeeleweka zaidi. Ila kulinganisha maji na manowari ilikuwa sawa na kumlinganisha mwenye korosho wa Kibiti na muuza vinyago wa uwanja wa ndege. Na ukiwa na mibofyo tisa, wawili wakiteleza vidole kiwango kizima kimehama.

Mzee kalipia mwaka mzima. Bango sasa halibofyeki kabisa, nimetoa kiungo, imebaki namba tu, na ukurasa unafunguka haraka zaidi. Manowari nimeiacha ilivyo, wazee wa Hamburg bado wanakuja, mmoja kaniandikia kunisahihisha jina la nahodha.

Asubuhi hii mzee kapiga simu nikiwa lekcha, ikabidi nitoke nje kupokea. Bamvua inaanza keshokutwa na mimi na haya maandishi yangu sijaweka saa za wiki ijayo. Ngoja nikaziweke kabla soketi haijachukuliwa.